Mikataba ya 1914 ilikuwa ya kujihami tu. Ilikuwaje mataifa makubwa yakaishia vitani?

Mdadisi wa Moro:

Wakuu, habari za muda huu. Nina swali la historia ambalo majibu ya vitabu vya shule hayanitoshi.

Karibu kila kitabu cha kidato kinasema Vita Kuu ya Kwanza ilisababishwa na kambi mbili. Huku Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia. Kule Ufaransa, Urusi na Uingereza. Akaguswa mmoja, wakaingia wote. Lakini ukisoma maneno ya mikataba yenyewe, karibu yote ni ya kujihami: nikishambuliwa, nisaidie. Italia ilikuwa ndani ya mkataba na mwaka ule haikupigana. Rumania vilevile. Uingereza haikuwa na mkataba wa kupigana pamoja na Ufaransa wala na Urusi, na bado iliingia.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki: Ujerumani iliitangazia Urusi vita tarehe 1 Agosti kwa ajili ya Austria, lakini Austria yenyewe ikaitangazia Urusi vita tarehe 6. Mwenye ugomvi anafikaje uwanjani siku tano baada ya msaidizi wake?

Naomba anayelijua jambo hili anipe hatua kwa hatua. Nini hasa kiligeuza mauaji ya Sarajevo ya 28 Juni, ya mrithi wa kiti cha Austria, ambayo Austria iliilaumu Serbia, kuwa vita ya mataifa makubwa ndani ya siku 37?

---

Mzee wa Ramani:

Mdadisi, tuanze na vifungu, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Mkataba wa Ujerumani na Austria wa Oktoba 1879 unasema hivi: Urusi ikimshambulia mmoja, mwenzake atakuja na jeshi lake lote. Akishambuliwa na taifa jingine, mwenzake anatakiwa asimdhuru tu, mpaka Urusi itakapotia mkono. Mkataba wa 1882 uliomwingiza Mwitalia nao unazungumzia kushambuliwa bila kuchokoza. Baadaye ukaongezewa sharti kwamba Austria ikitaka kuchukua chochote Balkani, ikubaliane kwanza na Italia na kuilipa fidia. Julai 1914 Vienna, yaani serikali ya Austria, haikuiuliza Roma kitu. Kwa hiyo Italia ilipokaa kando ilikuwa na haki kimkataba. Rumania ilikuwa na mkataba wa siri wa tangu 1883. Mfalme Carol I alitaka kuutimiza, baraza lake likamkatalia.

Sasa angalia: hakuna kifungu hata kimoja kilichoilazimisha Ujerumani kuisaidia Austria kuipiga Serbia. Ahadi hiyo ilitolewa upya kabisa, tarehe 5 na 6 Julai. Mjumbe wa Vienna, Hoyos, alipeleka barua Berlin. Kaiser Wilhelm II akamwambia balozi wa Austria kwamba Ujerumani iko nyuma yao hata Urusi ikiingilia, na kesho yake Kansela Bethmann Hollweg akathibitisha. Hawakuweka mpaka wala sharti, na hawakuomba kuona kwanza Austria itaandika nini. Wanahistoria wanaiita hundi iliyotiwa saini bila kuandikwa kiasi, na jina hilo linaistahili.

Kwa nini walitoa ahadi kama ile? Kwa sababu Ujerumani ilikuwa imebakiwa na rafiki mmoja tu wa kumtegemea. Hapo ndipo mikataba inapofanya kazi yake ya hatari. Mkubwa anaogopa kumpoteza mdogo, mdogo analijua hilo, basi mdogo ndiye anayeshika usukani. Upande wa pili hali ilikuwa ile ile. Urusi ilirudi nyuma kwa aibu mwaka 1909, baada ya Austria kuichukua Bosnia moja kwa moja mwaka 1908, na ikajizuia tena katika vita vya Balkani vya 1912 na 1913. St Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati ule, waliona wakiiacha Serbia safari hii, hakuna taifa dogo litakalowaamini tena. Nayo Paris ilihofu kwamba Urusi ikiachwa peke yake, siku Ufaransa itakapoihitaji haitaipata.

Halafu tazama namna makataa ya Austria kwa Serbia yalivyopangwa. Rais Poincaré wa Ufaransa alikuwa ziarani St Petersburg kuanzia 20 hadi 23 Julai. Vienna ikasubiri mpaka meli yake iwe inang'oa nanga, ndipo ikawakabidhi Waserbia hati saa 12 jioni ya tarehe 23, ili Wafaransa na Warusi wasiweze kushauriana ana kwa ana. Masharti kumi, saa 48. Sharti la sita lilitaka maofisa wa Austria washiriki uchunguzi ndani ya Serbia. Tarehe 25, dakika chache kabla ya muda kwisha, Waziri Mkuu Pašić alipeleka jibu mwenyewe kwa mguu wake. Alikubali mengi, mengine kwa maneno ya kuzungukazunguka, lakini la sita alilikataa waziwazi. Mwakilishi wa Austria, Giesl, alikuwa ameshafunga mizigo. Akalipitia jibu, akaondoka Belgrade kwa treni ya saa 12 na nusu. Nusu saa nzima haikufika kati ya kupokea jibu na kuvunja uhusiano.

Vita dhidi ya Serbia ikatangazwa tarehe 28, kwa simu ya maandishi. Mpaka hapo bado ni vita ya nchi mbili.

---

Reli ya Kati:

Naendelea pale alipoachia Mzee, kwa sababu kutoka tarehe 29 Julai mambo yanahama kutoka kwa mabalozi kwenda kwa wanajeshi wa reli.

Kwanza tuelewane juu ya kuita jeshi. Wakati wa amani jeshi la Ulaya lilikuwa na sehemu tu ya watu wake. Wengine ni askari wa akiba: wakulima, makarani, wafua vyuma. Amri ikitoka, kila mmoja anaripoti kambini kwake, anapewa sare na bunduki, farasi wa raia wanachukuliwa, halafu wote wanapakiwa kwenye treni kwenda mpakani kwa ratiba iliyoandikwa miaka kabla. Kikosi kimoja kikubwa cha Kijerumani, kile wanachokiita kori, kilihitaji treni 140 zenye mabehewa zaidi ya 6,000, na nyingine kama hizo kwa mizigo yake. Jeshi zima lilihitaji treni takribani 11,000. Kwenye daraja moja tu la mto Rhine pale Cologne, kuanzia 2 hadi 18 Agosti treni zilivuka kila dakika 10 hivi, usiku na mchana. Ratiba ya namna hiyo huwezi kuibadilisha njiani. Ukizuia treni moja unazuia zote zilizo nyuma yake, na askari wanabaki upande mmoja, mizinga upande mwingine, chakula cha farasi kwingine kabisa.

Sasa Urusi. Waziri wa mambo ya nje Sazonov alitaka kuitia hofu Austria bila kuigusa Ujerumani, akapendekeza waitwe askari wa mikoa minne tu ya kijeshi: Kiev, Odessa, Moscow na Kazan. Kwenye karatasi inapendeza. Maofisa wa mnadhimu mkuu Yanushkevich wakamwonyesha tatizo: mkoa wa Warsaw, ambao ni muhimu dhidi ya Austria, unapakana na Ujerumani pia, kwa hiyo umeachwa nje. Askari wa akiba wa mkoa mmoja wanajaza vikosi vya mkoa mwingine. Mpango wa reli uliopo ni mmoja tu, wa kuita jeshi lote. Ukianza na nusu, kisha ukalazimika kwenda nzima, unavuruga zote mbili, na Mjerumani anakukuta umepakia nusu.

Tarehe 29 Tsar Nikolai II alitia saini amri ya kuita jeshi lote. Usiku ule ule, baada ya kupata ujumbe wa Kaiser binamu yake, akaifuta, ikarudi ile ya mikoa minne. Tarehe 30 alasiri Sazonov akakaa naye karibu saa nzima mpaka akakubali tena. Simu zikatoka jioni. Asubuhi ya 31 matangazo mekundu yalikuwa yamebandikwa kutani.

Kwa nini hatua hiyo ya Urusi iliitikisa Ujerumani kuliko mataifa mengine? Kwa sababu ya mpango wake. Ujerumani ilitegemea kupigana pande mbili, na Urusi ni kubwa na reli zake ni chache, hivyo itachelewa. Hesabu ikawa: tumpige Mfaransa kwa majuma sita hivi, halafu tuwageuze askari kwenda mashariki. Kila siku ambayo Urusi inaita watu na Ujerumani haifanyi kitu, inakatwa kwenye majuma hayo sita. Isitoshe, mnadhimu mkuu Moltke hakutaka kupita Uholanzi, kwa hiyo jeshi lake la kulia lilipaswa kupenya kwenye kijinjia chembamba cha Liège, mji wa Ubelgiji uliozungukwa na ngome 12. Ngome hizo lazima zishambuliwe siku za mwanzo kabisa, kabla hata jeshi kubwa halijakusanyika. Ndiyo maana nchi nyingine zikiita askari bado zingeweza kuwaweka mpakani na kuzungumza. Kwa Ujerumani, kuita askari na kuvuka mpaka wa nchi ya watu lilikuwa tendo moja.

Tarehe 31 wakaipa Urusi saa 12 isimamishe kila kitu, Ufaransa saa 18 iseme itafanya nini. Tarehe 1 Agosti jioni balozi wao akaikabidhi Urusi tangazo la vita.

Siku hiyo hiyo kuna tukio ambalo ningependa kila mtu alijue. Ilifika simu kutoka kwa balozi wa Ujerumani London ikidokeza kwamba Uingereza huenda ikakaa kando, na Ufaransa nayo, kama Ufaransa haitashambuliwa. Kaiser akafurahi, akamwambia Moltke: basi tupeleke jeshi lote mashariki. Moltke akajibu haiwezekani, jeshi la mamilioni halipangwi upya kwa siku moja, litakuwa umati wenye bunduki usio na chakula. Na alikuwa anasema kweli, maana mpango wa kupeleka nguvu kubwa mashariki ulikuwa umeachwa kutayarishwa tangu 1913. Taifa zima lilibaki na mpango mmoja, na mpango huo ulianza kwa kuvamia nchi ambayo haimo kwenye ugomvi. Baadaye usiku simu ya pili ikaonyesha habari ile haikuwa sahihi, Kaiser akamwachia Moltke aendelee.

---

Mdadisi wa Moro:

Mzee na Reli, nashukuru sana. Hilo la mikoa minne sijawahi kuliona kwenye kitabu chochote cha shule.

Niulize mawili. Moja, Mfaransa naye alifungwa na nini, mkataba au hofu? Pili, Uingereza: ni Ubelgiji kweli, au mashindano ya manowari?

---

Mzee wa Ramani:

La Ufaransa ni fupi. Makubaliano yake ya kijeshi na Urusi ya 1892 yana vifungu viwili vya kuangalia. Cha kwanza ni cha kujihami: Urusi ikishambuliwa na Ujerumani, Ufaransa itaipiga Ujerumani, na kinyume chake. Cha pili ndicho chenye moto: mataifa ya ule mkataba wa utatu wa 1882, au hata mojawapo, yakiita majeshi, basi Ufaransa na Urusi nazo zitaita mara moja na kwa pamoja, bila kusubiri kushauriana. Wameandika hata idadi: Ufaransa askari 1,300,000 dhidi ya Ujerumani, Urusi kati ya 700,000 na 800,000. Ukiunganisha kifungu hicho na ratiba alizozieleza Reli ya Kati, unaona jinsi tahadhari ya mmoja inavyomwamsha mwingine.

Pamoja na hayo, Julai 1914 serikali ya Ufaransa iliwarudisha askari wake kilomita 10 kutoka mpakani. Walitaka Uingereza ione kwa macho nani amemvamia nani. Ujerumani ikawatangazia vita tarehe 3 Agosti, kwa hiyo Wafaransa hawakulazimika hata kuuliza kifungu kinasemaje.

---

Nanga:

La manowari nalichukua mimi.

Mashindano yalikuwepo kweli. Sheria za Ujerumani za 1898 na 1900, kazi ya Tirpitz, mkuu wa wizara ya jeshi la majini, zililenga kujenga jeshi la majini ambalo Uingereza ingeogopa kupambana nalo. Mwaka 1906 Uingereza ikazindua HMS Dreadnought, mizinga kumi ya inchi 12 na mashine za tabini, na kila manowari ya zamani ikaonekana imepitwa, za Waingereza wenyewe zikiwemo. Hesabu ikaanza upya, meli kwa meli.

Lakini napenda tuseme sawasawa: kufikia 1914 mashindano hayo yalikuwa yamepoa. Ujerumani ilishindwa kuimudu gharama, na mwaka 1913 fedha nyingi ikazielekeza kwenye jeshi la nchi kavu, kwa hofu ya Urusi. Urusi nayo ilikuwa inapanua jeshi kwa mpango wa kukamilika 1917, na reli zake za kuelekea mpaka wa Ujerumani zikijengwa kwa mikopo ya Ufaransa. Huko Berlin watu kama Moltke walikuwa wakisema waziwazi kwamba kama vita haiepukiki, heri sasa kuliko baadaye. Hofu hiyo ya mwaka 1917 ina uzito kuliko manowari zote.

Athari ya manowari ilikuwa ya kuzunguka. Iliisukuma Uingereza kumaliza magomvi yake ya makoloni na mahasimu wake wa zamani: 1904 na Ufaransa, juu ya Misri na Moroko, 1907 na Urusi, juu ya Uajemi, Afghanistan na Tibet. Hakuna neno la vita ya Ulaya ndani yake. Kisha ikapanga meli: Ufaransa ikaweka zake kubwa bahari ya Mediterania, Uingereza ikakusanya zake nyumbani. Novemba 1912 Grey, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na Cambon, balozi wa Ufaransa London, wakaandikiana barua zinazosema mpango huo haumfungi mtu kupigana. Sawa, haumfungi. Ila pwani ya kaskazini ya Ufaransa imebaki wazi, na Mfaransa aliiacha wazi kwa kumwamini Mwingereza. Tarehe 2 Agosti Cambon akaligusa jambo hilo, na baraza la mawaziri la London likaahidi kuwa meli za Ujerumani hazitaruhusiwa kupita kuishambulia pwani ile. Ahadi isiyoandikwa ilibana sawasawa na iliyoandikwa, na ilikuwa na ubaya wa ziada: Ujerumani haikujua uzito wake. Mkataba wa wazi ungeweza kuitahadharisha Berlin mapema.

Ubelgiji iliyamaliza yaliyobaki. Mkataba wa 1839, uliotiwa saini na mataifa makubwa yakiwemo Uingereza na Prussia, dola iliyokuja kuwa kiini cha Ujerumani, ulihakikisha Ubelgiji haitaingizwa vitani. Tarehe 2 Agosti Ujerumani ikaipa Ubelgiji saa 12 kuruhusu jeshi kupita, ikakataa, tarehe 4 ikavamiwa. Mawaziri wa London waliokuwa wamegawanyika wakashikamana, wakajiuzulu wawili tu, Morley na Burns. Makataa ya Uingereza yakaisha saa 5 usiku kwa saa za London. Kwa hiyo jibu langu: manowari ziliipanga Uingereza upande gani itakuwa, Ubelgiji ikaamua siku.

---

Bandari Salama:

Naongezea jambo moja la kwetu ambalo huwa linaachwa. Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kubadilishana: Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland kule bahari ya Kaskazini, ikaachia Witu, eneo la pwani ya Kenya ya leo, na kuutambua ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar. Wiki mbili kabla, mkataba wa siri wa Ujerumani na Urusi uliofungwa na Kansela Bismarck mwaka 1887 ulikuwa umekufa, kwa sababu Berlin ilikataa kuurudia. Ukiwa St Petersburg ukayaona mambo hayo mawili kwa pamoja, unasoma nini? Kwamba Mjerumani amekuacha na amemwendea Mwingereza. Warusi wakaanza kumsogelea Mfaransa, na miaka miwili baadaye ndipo yakaandikwa yale makubaliano aliyoyataja Mzee. Wazanzibari hawakuulizwa neno.

Na vita ilipoanza, palikuwa na mlango wa kuiepusha nchi hii. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu makoloni ya bonde la Kongo, na eneo lake lilichorwa pana hadi pwani yetu, yabaki nje ya vita vya Ulaya ikiwa pande zote zitakubali. Gavana Schnee wa Dar es Salaam aliutaka mlango huo. Hawakukubaliana. Tarehe 8 Agosti manowari ya Uingereza HMS Astraea ikapiga mizinga Dar es Salaam, shabaha ikiwa mnara wa redio, na misafara ya wapagazi ikafuata kwa miaka minne. Majina Kariakoo hapa na Kariokor ya Nairobi yanatokana na hao wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza.

---

Reli ya Kati:

Mdadisi, swali lako la Austria kuchelewa halijajibiwa, na ndilo zuri kuliko yote.

Mnadhimu mkuu wa Austria, Conrad, alikuwa na jeshi la mafungu matatu. Fungu dogo kwa Serbia, fungu kubwa kwa mpaka wa Urusi kule Galicia, na fungu la kati la divisheni 12 hivi, lile jeshi la pili, la kupelekwa kokote litakakohitajika. Akaanza kuchelewa tangu Julai: askari wengi walikuwa wameruhusiwa kwenda kuvuna hadi tarehe 25. Kuwarudisha mapema kungeharibu mavuno, kungesongamanisha reli na kungeifichua siri.

Tarehe 25 amri ikatoka ya kuita jeshi dhidi ya Serbia, na fungu la kati likapangiwa kwenda kusini. Urusi ilipoita jeshi lote, Ujerumani ikamtaka Conrad aelekeze nguvu Galicia mara moja. Akawauliza watu wa reli kama treni zinaweza kugeuzwa. Wakamwambia hapana: njia zitazibana, bora askari wafike kusini kwanza, washuke, halafu wapakiwe tena kuelekea kaskazini. Ndivyo ilivyofanyika. Vienna ikawa haina haraka ya kuitangazia Urusi vita wakati sehemu nzima ya jeshi lake iko kwenye treni inayokwenda upande usio wa Urusi. Berlin ikaisukuma mpaka ikatangaza tarehe 6.

Fungu lile lilishiriki kidogo huko kusini, ambako Waserbia waliishinda Austria kwenye mlima Cer mwezi huo huo, na likaanza kupakiwa kwenda Galicia kuanzia tarehe 18 Agosti. Lilipofika, mapigano makubwa yalikuwa yameshaanza bila hilo, na mwanzoni mwa Septemba Warusi waliingia Lemberg, mji mkuu wa Galicia.